Hata Panadol

Huku kwetu mwanamke akikonda, hakuna anayemwuliza anakimbia kilomita ngapi. Wanamwuliza anaumwa nini. Mimi nimekimbia tangu shule ya msingi, Handeni, na sikumbuki likizo hata moja niliyorudi nyumbani bila shangazi yangu kunishika mkono juu ya kiwiko, kuupima kwa vidole viwili na kusema, "Mwanangu, huko shuleni hamli?" Akishaondoka, majirani wanabaki kunong'ona juu ya ugonjwa mwingine, ule usiotajwa mbele ya mwenye nao. Mimi nilikuwa nacheka. Mkimbiaji anayesikiliza kila mdomo hafiki hata uwanjani.

Dada yangu wa chuoni hakuweza kucheka. Namwita dada ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Yeye alikuwa mwaka wa pili wa ualimu na mimi wa kwanza, katika chuo kilichokuwa nje kidogo ya mji wa Korogwe, na tulilala dabodeka moja, yeye chini, mimi juu. Alitoka Vugiri, kule milimani, ambako mtoto huteremka na kupanda kwenda shule mpaka miguu inakuwa haijui tena tofauti ya tambarare na mwinuko. Nilipofika chuoni nilidhani najua kukimbia. Alfajiri ya kwanza nilipomfuata, aliniacha kwenye barabara ya mkonge, akaenda zake mpaka darajani upande wa Old Korogwe, akageuka, akanikuta bado nahema palepale. Hakunicheka. Alipunguza mwendo, tukarudi pamoja.

Kuanzia siku ile nilimwiga kila kitu. Alinifundisha kupanda kilima kwa hatua fupi, kupumua kwa pua mpaka pua ikatae, na kutotangulia mzunguko wa kwanza eti kwa sababu watu wanatazama. "Wanaotazama hawana mapafu yako, mdogo wangu," alikuwa akiniambia. Nilifunga kamba za viatu mara mbili kwa sababu yeye alifunga mara mbili. Nilianza kupiga mstari kwa penseli chini ya kila kichwa cha andalio la somo kwa sababu yeye alifanya hivyo, mpaka mkufunzi wa hisabati akaniuliza kama andalio lile ni langu au nimeazima.

Alikuwa na mchumba Mazinde, kijana wa familia ambayo babu zao waliletwa kukata mkonge wakabaki hukohuko. Walipanga kuoana akimaliza chuo. Jumamosi moja alikwenda kuonyeshwa kwa mama mkwe. Alirudi Jumapili jioni, akasimama mbele ya kioo kidogo tulichokitundika dirishani, akajigeuza upande huu na upande huu.

"Wamekupokeaje?" nikamwuliza.

"Vizuri sana. Wali, kuku, kila kitu."

"Sasa mbona hivyo?"

Alikigeuza kile kioo kikatazama nje. Kisha akaniambia yule mama alimshika mkono mbele ya wageni wote akasema, "Mkwe wangu mzuri, lakini mbona fito? Nikikuweka ndani, watu si watasema nakunyima chakula?" Wote walicheka. Hata yeye alicheka. Mama yule si mbaya, nimekuja kumjua. Ni wa hapahapa tu, na hapa mtu akitaka kukusifu anakwambia umenenepa.

Baada ya wiki mbili nikamwona na bahasha ndogo ya kaki. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe na vya njano, havina boksi wala karatasi ya maelezo. Nani asiyevijua? Bibi harusi mtarajiwa anavimeza, mwenye kutaka makalio anavimeza, dada wa saluni anavimeza na kuwaelekeza wateja. Unaingia duka la dawa, unasema "naomba zile za kunenepesha", unahesabiwa, unaambiwa asubuhi na jioni, basi. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani wala una kazi gani na huo mwili wako.

"Usimwambie mtu," aliniambia, na aliniapisha kweli, mkono wangu juu ya Biblia yake. "Heri waendelee kuniita fito kuliko wasikie nimenunua unene dukani."

Nikaapa.

Vidonge vilifanya kazi. Mashavu yalijaa, uso ukawa wa duara, na sahani ya makande ambayo zamani aliibakiza sasa aliimaliza na kuniomba yangu. Na alikimbia. Goti lililomsumbua mwaka mzima likanyamaza. Tulipokwenda kwenye mashindano ya vyuo ya kanda, aliwaacha wenzake karibu nusu mzunguko katika mita elfu tano. Mimi nilikuwa wa nne, nikamwona mgongo wake ukiyeyuka mbele yangu, nikajivunia kana kwamba ni mgongo wangu.

Je, vile vidonge vilimsaidia kukimbia? Nimeulizwa swali hilo na moyo wangu mara nyingi kuliko nilivyoulizwa na watu. Sijui. Huenda vilituliza goti, huenda vilificha uchovu. Ninachojua ni kwamba yeye hakuvimezea mbio. Alivimezea Mazinde.

Lakini siku ileile mwalimu wa timu ya chuo kingine alimtazama akipokea medali, akasema kwa sauti ya kutosha sisi kusikia, "Uso umevimba, mwendo umeongezeka. Yule anatumia." Neno likapanda basi pamoja nasi. Tulipofika chuoni lilikuwa limetangulia. Mwaka mzima watu walisema amekonda, lazima anaumwa. Sasa amenenepa, lazima anatumia. Nilitaka kuuliza ni kilo ngapi hasa ambazo mwanamke aliruhusiwa kuwa nazo ili aachwe akimbie kwa amani. Sikumwuliza mtu. Nilikuwa na hasira za moyoni tu, zile zisizomsaidia mtu yeyote.

Asubuhi moja alikuwa na zamu ya kufundisha somo la mfano, sehemu za namba, mbele ya darasa letu na mkufunzi. Aliingia akakuta mtu amechora bomba la sindano ubaoni, kubwa, kwa chaki nyeupe, na matone yakidondoka. Wengine waliinamisha vichwa, wengine walijizuia kucheka. Alichukua dasta akafuta, juu kwenda chini kama tulivyofundishwa, akaandika tarehe, akaandika somo, akafundisha dakika zote arobaini. Alipofika bwenini alilala na viatu.

Mkufunzi wa michezo alikuwa mtu mwema, tena niseme alitupenda. Lakini alizipenda pia zile medali zilizokuwa kwenye kabati la kioo ofisini kwa mkuu wa chuo. Alhamisi moja alitukusanya timu nzima chini ya jukwaa. Alisema amesikia kwamba Jumatatu watakuja watu wa kupima mkojo, na kwamba kabla yao anaweza kuja mtu yeyote, wa gazeti, wa wilayani, na kuuliza maswali. Hakumwuliza dada kama anatumia chochote. Nafikiri aliogopa jibu.

"Mkiulizwa na mtu yeyote, awe nani," alisema, "jibu ni moja. Hatumii dawa yoyote. Hata panadol. Semeni."

"Hatumii dawa yoyote. Hata panadol."

"Sijasikia. Tena."

Tukasema tena, na mara ya tatu, kwa pamoja, kwa sauti ileile ya kuvuta mwisho. Ndivyo tulivyokuwa tunafundishwa kufundisha: mwalimu anatamka, watoto wanarudia mara tatu, jambo limeingia. Dada naye alirudia, ila yeye ilimbidi aseme situmii.

Ijumaa mchana niliingia kwenye simu nikatafuta jina la vile vidonge, jina alilotajiwa dukani. Nikalikuta kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa siku za mashindano. Nilifunga simu palepale nikakimbia bwenini. Ningesoma mistari michache zaidi ningekuta maelezo mengine, ambayo nimeyasoma baadaye mara nyingi mpaka nayajua kwa moyo. Sikuendelea kusoma. Nilikuwa nimeshapata nilichokitafuta.

"Zitupe, dada," nilimwambia. "Zote. Leo hii."

"Zimebaki za wiki mbili."

"Hata kama ni za mwaka. Ziko kwenye orodha. Wakikupima umekwisha, na chuo kimekwisha."

Alizitazama mkononi. "Nikiacha si nitarudi kuwa fito?"

"Utarudi kuwa mkimbiaji," nilimjibu, na nilijiona nimesema neno la maana sana.

Tulikwenda chooni pamoja. Mimi nilisimama mlangoni kulinda, yeye akamimina, na bahasha akaichanachana. Tulitoka tukicheka kama watoto walioiba sukari. Mimi ndiye niliyesema zitupwe. Nataka hilo likae mahali pake, lisije likapotea katikati ya maneno mengine.

Jumapili alitapika. Jumatatu alisema miguu si yake. Watu wa kupima hawakuja Jumatatu, hawakuja wiki ile, na mpaka leo hawajaja. Jumanne mkufunzi akamwomba atokeze uwanjani, hata azunguke mara mbili tu, watu waone kwamba hana cha kuficha. Alizunguka mara mbili. Kisha akakaa chini katikati ya njia, taratibu, kama mama aliyeshusha ndoo kichwani, na hakuweza kusimama tena.

Tulimpakia kwenye bajaji, mimi nimemshika kichwa, mkufunzi mbele kwa dereva. Getini hospitalini tulinunua daftari, kama ilivyo kawaida, lile la shule lenye kurasa chache ambamo huandikwa ugonjwa wako na matibabu yako. Tabibu kijana, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala, alimpima presha akarudia kupima. Ilikuwa chini sana. Akaniuliza ameanza lini, anatapika mara ngapi, ana mimba au hana. Kisha akauliza, kalamu ikiwa tayari:

"Kuna dawa yoyote anatumia?"

Mkufunzi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi zake.

"Hatumii dawa yoyote," nilisema.

Tabibu akaniangalia. "Dawa yoyote, binti. Hata za kienyeji, hata za dukani. Fikiri vizuri."

Ingekuwa rahisi kusema ulimi uliteleza, kwamba lilitoka lenyewe kwa sababu tulilirudia mara tatu. La kwanza labda. La pili nililifikiria. Nilifikiria kiapo, nikafikiria ubao ule wenye sindano, nikafikiria jinsi neno "anatumia" litakavyotoka kwenye chumba hiki na kufika Mazinde kabla ya jua kuzama. Dada alikuwa amefumbua macho, ananitazama. Sijui kama alikuwa ananisihi nimfichie au ananisihi niseme. Sijawahi kujua.

"Hatumii," nilisema. "Hata panadol."

Tabibu akaandika.

Walimpima malaria, hana. Wakamtundikia maji, wakampa dawa za tumbo, na kwa saa chache alionekana ana nafuu. Jumatano mama yake aliteremka kutoka Vugiri na kikapu cha viazi na ndizi, akaketi kando ya kitanda akamkanda miguu kwa mafuta, akimsemesha kwa Kishambaa. Mimi nilimpa shikamoo nikashindwa kumtazama. Alinishukuru kwa kumtunza mwanawe.

Alhamisi asubuhi, mama alipotoka kwenda kununua uji, aliingia daktari mwingine, mtu mzima, aliyekuwa safarini siku zile. Alisoma daftari. Alimtazama dada usoni, akamshika shavu, akaifunua mikono akaona alama za bluu ambazo mimi nilidhani ni za kuanguka. Akarudi kusoma daftari.

"Nani kasema hatumii dawa?"

"Mimi."

"Binti," alisema, bila ukali wowote, na upole ule ndio unaoniuma hadi leo, "alikuwa anatumia nini?"

Nikamwambia. Sentensi moja, ilinichukua muda kidogo kuliko kufunga viatu. Yule mzee alikimbia. Sijawahi kumwona daktari akikimbia namna ile. Dawa yenyewe ilikuwepo palepale wodini, kabatini, hatua chache kutoka kitandani. Ni ya ukoo mmoja na ile tuliyoimwaga chooni. Alimchoma mwenyewe. Alikaa naye akimshika mshipa wa mkono. Dada alifariki kabla ya adhuhuri, mama yake akiwa ameshika kikombe cha uji.

Baadaye daktari aliniita pembeni. "Dawa hii haiachwi ghafla," alisema. "Hupunguzwa kidogo kidogo. Mwili ukizoea kupewa, unaacha kujitengenezea. Ukikatiwa siku moja, unabaki mikono mitupu." Aliyaandika hayo kwa mstari mmoja kwenye daftari, chini ya maandishi ya yule kijana, akanipa. "Mama yake anajua?"

"Hapana."

"Utamwambia wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Tulimzika Vugiri. Mkufunzi alikuja, akasimama mbali. Hatujawahi kuzungumza juu ya siku ile, na sidhani kama tutazungumza. Watu wa Mazinde walikuja wengi, wakaleta mchele na sukari. Mama mkwe alilia kwa uchungu wa kweli, ameshikwa huku na huku, na katika kulia kwake akasema, "Mtoto alikuwa ameshaanza kunawiri!" Nilikuwa nimeketi karibu naye. Mkono wangu ulinyanyuka, nikaukalia. Angejuaje? Wa kumwambia alikuwa mimi, na nilikuwa kimya. Nyuma yangu wanachuo wenzangu walikuwa wakinong'onezana kwamba zile dawa za kuongeza nguvu ndizo zimemmaliza.

Sasa mimi ni mwalimu Handeni. Nina wasichana tisa wanaokimbia kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya shule, na mmoja, aliyekonda kama nilivyokuwa mimi, aliandika kwenye insha yake kwamba akikua anataka kuwa kama mwalimu wake wa michezo. Nilimwekea alama nikatoka nje. Namwuliza kila mmoja peke yake, mara kwa mara, anatumia dawa gani, na namwambia sitamfukuza kwa jibu lolote. Darasani kwangu hakuna kuitikia kwa pamoja. Mkaguzi ameshaniandika kwa hilo.

Kila likizo napanda Vugiri kumwona mama. Namchotea maji, nampikia, tunakaa. Amezeeka haraka, na milimani kule maneno hayafi. Bado kuna wanaosema mwanawe alikimbia kwa dawa na kufa kwa dawa. Kila mara, kabla sijaondoka, hufungua sanduku lake akatoa daftari la hospitali lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Limeandikwa kwa Kiingereza cha haraka, na yeye hata Kiswahili cha magazeti kinamshinda kwa macho.

"Nisomee pale walipoandika habari ya dawa," aliniambia likizo iliyopita. "Kuna jirani kanitukana kisimani."

Niliweka kidole kwenye maandishi ya tabibu kijana. "Hatumii dawa yoyote," nikasoma.

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo, mama."

"Na hapa chini? Huyu mwenye wino mweusi?"

Mstari wa daktari mzee ulikuwa chini ya kidole changu. Miaka yote hii hakuwahi kuuliza habari yake.

"Hapo ni jina la daktari, mama."

"Jina refu," alisema.

"Refu, ndiyo."

Aliutazama ule ukurasa kwa muda, akaupangusa kwa ncha ya kanga ingawa haukuwa na vumbi. Alisema anamshukuru Mungu kwamba kuna karatasi ya serikali, na kwamba mimi nilikuwapo siku ile, nikasema ukweli.

"Nisomee tena."

Nikasoma tena. Akaniomba mara ya tatu, na mara ya tatu tulisema wote wawili, kwa pamoja.